Mgeni Tuliyempa Jembe Siku ya Kwanza: Kufuga Kambare Wala-Mwani Katika Tangi Lenye Mimea

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wafugaji wa samaki wa mapambo. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wafugaji wa samaki tuna mgeni mmoja ambaye hatumpi hata hizo siku mbili. Tunamtoa kwenye mfuko wa plastiki, tunamtia majini, na kabla hajajua pa kujificha tunamwonyesha kioo kilichoota kijani: haya, fanya kazi. Mgeni huyo ni kambare mla-mwani, yaani mla ule ukijani unaoota majini.

Naomba mikono juu. Nani hapa aliwahi kununua kambare kwa sababu tu kioo kilikuwa kichafu? Asanteni, karibu ukumbi mzima. Sasa, nani kati yenu alimnunulia chakula chake siku hiyohiyo? Naona mikono mitatu. Wa nne unasitasita.

Basi niambieni kama kisa hiki hamkijui. Tangi la lita 60, lina wiki tano tangu lijazwe. Mimea imeshika, maji yametulia, kioo kina vumbi la kahawia. Wanaletwa oto sita, wale kambare wadogo wa jenasi ya Otocinclus. Siku ya nne kioo kinang'aa, mwenye tangi anaita jirani aje aone. Siku ya kumi mmoja hayupo. Siku ya kumi na nne wawili wamelala ubavu nyuma ya chujio. Wiki ya tatu amebaki mmoja. Mwenye tangi anapima maji: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati miligramu 10 kwa lita. Maji hayana kosa. Anahitimisha kwamba oto ni samaki dhaifu, hawafugiki.

Oto hawakuwa dhaifu. Chakula kiliisha siku ya nne, na hakuna aliyewaletea kingine. Kioo kile kinachong'aa, kilichomfurahisha jirani, kilikuwa sahani tupu.

Nitasema leo, na nitarudia mpaka mnichoke: kambare huyu ni mkazi wa tangi, na mkazi hulishwa. Kazi ya kusafisha ni yako wewe mwenye tangi.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Watu wanasema "kambare wa kufyonza kioo" kana kwamba ni samaki mmoja. Ni ukoo mkubwa wa Amerika ya Kusini na ya Kati, Loricariidae, wenye spishi mamia kwa mamia. Badala ya magamba ya kawaida wamevikwa vibamba vya mfupa. Midomo yao imepanuka ikawa kisahani kinachonata juu ya jiwe hata mto ukienda kasi, na ndani ya kisahani hicho mna safu za meno madogo ya kukwangua. Tazama jicho lake mchana: utaona kipande cha jicho lenyewe kimeshuka juu ya mboni kama pazia, kupunguza mwanga. Samaki mwenye pazia la jicho anakwambia jambo. Anakwambia nipe kivuli.

Katika ukoo huo, wanaofaa tangi la mimea la nyumbani ni wachache. Wa kwanza ni oto, sentimita 3 hadi 5, ambaye hagusi jani isipokuwa kulilamba. Wa pili ni Ancistrus, ambaye wengi tunamwita ndevu, kwa sababu dume hutoa manyoya ya nyama puani. Jike huwa nazo chache fupi ukingoni mwa mdomo, au hana kabisa. Huyu hufika sentimita 10 hadi 13 na huishi miaka kumi hivi akitunzwa. Wa tatu ni Farlowella, mwembamba kama kijiti, mpole mno, na kwa maoni yangu si wa mtu anayeanza: hataki maji yanayoyumba, na samaki wenye pupa humaliza chakula kabla hajajigeuza.

Na yule pleko wa kawaida? Huyo ndiye anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, mrembo, mwenye madoa kama chui. Mara nyingi huitwa Hypostomus plecostomus, lakini anayeuzwa madukani kwa kawaida ni wa jenasi ya Pterygoplichthys. Hupita sentimita 30, na wengine hukaribia 50. Katika lita 100 atakuwa kama ng'ombe sebuleni. Mkia wake ukipiga, mimea yako ya mbele yote inaelea.

Na akishakuwa mkubwa hivyo, watu humpeleka wapi? Hapa ndipo kisa kinapotoka nyumbani na kwenda ulimwenguni. Nchini Meksiko kuna bwawa la Infiernillo, ambalo lilikuwa miongoni mwa maeneo makubwa ya uvuvi wa perege nchini humo. Pleko wakaingia, wakazaliana, na katika miaka ya 2000 wavuvi wakawa wanavuta nyavu zilizojaa samaki wa vibamba na miiba, wasiouzika, wanaochana nyuzi. Florida na Texas nchini Marekani, Ufilipino, Bangladesh, kote huko wamo. Dume huchimba pango kwenye ukingo wa mto ili jike atage humo, na ukingo uliotobolewa hivyo humomonyoka. Tena huweza kuvuta hewa kwa tumbo lake, kwa hiyo hata maji yakipungua oksijeni yeye yupo. Ndugu zangu, samaki wa tangi hatupwi mtoni. Hata mmoja. Mrudishe dukani, mgawie mwenye bwawa la ndani, lakini mtoni hapana.

Kuna upande wa pili wa kosa hilohilo: kudhani kila mwenye mdomo wa kufyonza anakula mwani. Yupo Hypancistrus zebra, mweupe mwenye mistari myeusi, wa mto Xingu huko Brazili. Ni wa ukoo uleule, mdomo uleule, lakini chakula chake kikuu ni cha nyama. Ukimwachia mwani, atakonda mbele ya macho yako. Corydoras naye ni kambare, lakini anachakura chini tu, kioo hakimhusu. Na Crossocheilus, maarufu kwa kula mwani uitwao ndevu nyeusi, si kambare hata kidogo. Ni wa jamaa ya samaki waitwao kapu (carp). Uliza jina la kisayansi kabla ya kutoa fedha. Muuzaji asiyelijua, mpe wiki moja alitafute.

Jambo la pili, mwani wenyewe. Mwani si mmoja, na kambare wako hali wote.

Lile vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole, diatomu, oto hulipenda. Utando laini wa kijani, na ule ukoga mwembamba usioonekana vizuri juu ya majani na magogo, wenye bakteria na vijidudu, huo ndio mkate wao wa kila siku. Basi. Orodha imeishia hapo, au karibu na hapo.

Madoa magumu ya kijani yanayong'ang'ania kioo na majani ya Anubias? Oto hayawezi. Ndevu mkubwa hukwangua machache. Chukua wembe wa kukwangulia, au kadi ya plastiki kama tangi lako ni la akriliki. Mwani wa nyuzi ndefu? Zungusha kwenye mswaki uvute. Ndevu nyeusi, vile vishungi vinavyoota ukingoni mwa majani? Hakuna kambare wa kuvitegemea kwa hilo. Utando wa buluu-kijani unaovuliwa kama shuka na kunuka tope? Hizo ni sianobakteria, si mwani, na samaki hawazigusi. Maji yaliyogeuka kijani chote? Mwani huo unaelea, na mdomo wa kukwangua hauna cha kukwangua.

Sasa sikilizeni kisa kinachojirudia kila mwaka, tangi hadi tangi. Mtu ana mwani wa nyuzi. Taa yake inawaka saa 12 kwa siku kwa sababu anapenda kutazama samaki jioni. Ananunua ndevu mmoja. Nyuzi zinabaki. Ananunua wa pili. Nyuzi zinaongezeka! Kwa nini? Kwa sababu ndevu wawili wanakula, na anayekula hunya, na ndevu hunya kupita kiasi: nyuzi ndefu za kinyesi kila kona. Virutubisho havikutoka tangini. Vimehama tu kutoka kiooni hadi changaraweni, kisha vikarudi majini kuulisha mwani uleule.

Dawa ya tangi lile ni saa ya ukutani. Taa saa 6 hadi 8 kwa siku, kwa swichi ya kujizima yenyewe, si kwa kumbukumbu za mwenye nyumba. Kama jua la dirishani linapiga kioo, pazia. Majani yanayooza yakatwe mapema. Mimea inayokua haraka iwe mingi tangu siku ya kwanza, ili ishindane na mwani kwa chakula. Maji yabadilishwe asilimia 25 hadi 50 kila wiki, na klorini iondolewe kwa dawa yake kabla maji mapya hayajamgusa samaki. Kama unatumia gesi ya kaboni dioksidi kukuza mimea, iwe kiwango kilekile kila siku. Gesi inayopanda na kushuka ni mwaliko wa ndevu nyeusi. Zikishaota kwenye gogo, litoe majini, paka hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, subiri dakika kama tano, suuza vizuri, rudisha. Baada ya siku chache zitageuka nyekundu au nyeupe na kufa.

Yote hayo unafanya wewe. Kambare anakuja baadaye kumalizia yale mabaki laini ambayo mswaki wako haufiki, kwenye mikunjo ya majani na nyufa za magogo. Hapo ni hodari kweli, na hakuna chombo kinachomfikia.

Sasa tuingie kwenye tangi. Ningependa kukaa hapa zaidi, kwa sababu samaki wengi hufa kutokana na makosa ya wiki ya kwanza na ya pili.

Tangi lililojazwa maji mwezi uliopita halijakomaa. Wiki nne hadi sita zinatosha bakteria wa chujio kushika kazi ya kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Lakini ule ukoga wa kuliwa huchukua muda zaidi. Kwa oto, subiri miezi mitatu. Naona nyuso zinakunjamana. Miezi mitatu! Kwa lita 60, oto sita. Chini ya hapo usiwaweke, maana ni samaki wa kundi, na oto wawili peke yao hujibana pembeni na kuacha kula. Kwa ndevu mmoja, lita 100 na kuendelea. Joto nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi linawafaa wote wawili, pH kati ya 6 na 7.5, amonia na nitriti sifuri bila mjadala, nitrati isipite miligramu 20 au 30 kwa lita.

Gogo ni lazima kwa ndevu. Hulikwangua kwa ajili ya ukoga ulio juu yake na nyuzinyuzi za mti wenyewe, na pia hulala chini yake. Loweka gogo jipya wiki moja hadi nne mpaka lizame. Maji yakiwa rangi ya chai usishtuke, hayamdhuru. Kwa mimea, anza na ile isiyopandwa ardhini: Anubias, Microsorum pteropus, Bucephalandra. Ifunge kwa uzi kwenye gogo au jiwe, na shina lake nene la kutambaa lisifukiwe, maana likifukiwa linaoza. Kambare akilalia mmea uliofungwa hivyo, haung'oki. Ya mashina marefu iliyopandwa jana, ndevu ataing'oa leo usiku. Ipe wiki tatu ishike mizizi kabla hajaletwa.

Na gesi. Mmenisikia nikiitaja, sasa nisikilizeni kwa makini. Jumamosi asubuhi mtu anaona mimea yake haitoi vipovu kama ile ya picha. Anafungua valvu kidogo. Baada ya nusu saa anafungua tena kidogo. Kipima-rangi chake, kile kichupa kinachobadilika rangi kuonyesha kiwango cha gesi majini, bado ni cha kijani, anaona mambo shwari. Hajui kwamba kipima-rangi huchelewa saa moja au mbili nyuma ya maji yenyewe. Saa nane mchana kimekuwa njano, na kambare wake wote wako juu, midomo nje.

Afanye nini? Afunge gesi. Ainue mdomo wa chujio uvunje uso wa maji, au awashe pampu ya hewa. Abadilishe theluthi hadi nusu ya maji. Kisha siku inayofuata aanze upya chini zaidi, akilenga kama miligramu 30 kwa lita na si zaidi, gesi ikiwaka saa moja au mbili kabla ya taa na kuzimwa saa moja kabla taa hazijazimika. Usiku mimea nayo huvuta oksijeni kama sisi sote, kwa hiyo tangi lililosheheni mimea lahitaji mtikisiko wa uso wa maji hasa usiku. Neno moja la kuwatuliza: oto akipanda mara moja kwa kasi, akagusa uso wa maji na kushuka, amevuta hewa tu, ni desturi yake. Akipanda na kubaki huko, kimbia.

Sasa kumnunua. Oto wengi madukani wamevuliwa porini. Wamepita kwa mvuvi, kwa wakala, kwa ndege, kwa muuzaji wa jumla, na huko kote matangi ni safi, maana yake hakuna chakula. Anapofika dukani huenda ana wiki kadhaa bila mlo wa maana. Kwa hiyo usimtazame mgongoni. Subiri abandike kwenye kioo, umtazame tumboni. Tumbo la mviringo, kama punje ya mchele uliovimba, mchukue. Tumbo bapa, fikiri. Tumbo lililoingia ndani na macho yaliyozama, mwache, hata roho ikikuuma. Uliza waliletwa lini. Kama ni jana, rudi baada ya wiki mbili. Watakaokuwa hai wamevuka daraja baya zaidi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na samaki mgeni hakosi tangi la karantini. Lita 20 hadi 40, chujio la sponji lililokwisha kukaa kwenye tangi kubwa likabeba bakteria, kipande cha gogo, mmea mmoja wa kujificha. Wiki mbili hadi nne. Mchanga hauhitajiki, chini patupu panakuonyesha kinyesi, na kinyesi kinakuonyesha kama anakula.

Na namna ya kumhamisha kutoka mfukoni? Hapa watu hugombana. Kama safari ilikuwa fupi, elea mfuko dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha mwaga samaki na maji yake kwenye ndoo safi, udondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba, matone mawili hadi manne kwa sekunde, muda wa saa moja. Kama amesafiri siku nzima au zaidi ndani ya mfuko, usifanye hivyo. Mle ndani amonia imejaa, lakini gesi ya pumzi zake imeshusha pH, na kwa pH ya chini amonia hiyo haina ukali sana. Ukifungua mfuko, gesi inatoroka, pH inapanda, na amonia inageuka kuwa sumu kali samaki akiwa bado anaogelea humo. Huyo lingana naye joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, mchote, mtie tangini. Kwa vyovyote vile, maji ya mfuko yasiingie tangini mwako.

Tumefika chakula, na hapa ndipo nilipotaka tufike tangu mwanzo.

Oto aliyetoka porini hajui kwamba kipande cha mboga ni chakula. Atakipita kama wewe unavyopita nguzo ya umeme. Kwa hiyo wiki za kwanza mpe anachokijua. Chukua mawe laini kumi ya saizi ya yai, yaoshe, yaweke kwenye chombo cha kioo chenye maji uliyoyatoa tangini wakati wa kubadilisha, kiweke dirishani penye jua. Baada ya wiki mbili au tatu mawe yamevaa kijani. Tia matatu tangini, yakishalambwa yarudishe dirishani, tia mengine matatu. Kazi hii ianze kabla hujamnunua samaki, si siku anayokonda. Mawe kumi yasiyogharimu chochote yameokoa oto wengi kuliko chupa zote za dawa.

Wakati mawe yanazunguka, mfundishe mboga. Kipande cha mumunye changa, unene wa sentimita moja, kichemshe dakika moja au mbili kilegee, kipoze kwa maji baridi, kichome kwa uma wa chuma kisichoshika kutu ili kizame. Weka karibu na kioo au gogo wanapopenda kubandika, jioni taa zikikaribia kuzimwa. Siku ya kwanza hawatakigusa. Siku ya pili hawatakigusa. Kitoe kila asubuhi, weka kipya jioni. Mara nyingi akianza mmoja, wenzake wanamfuata, na hii ni sababu nyingine ya kundi. Mchicha uliochemshwa kidogo, boga, hata karoti iliyolainika, vyote vinafaa. Tango hulila, lakini ni maji matupu, hata halihesabiki.

Vidonge vya mwani uliokaushwa navyo ni vizuri: kwa ndevu mkubwa mmoja, kidonge kimoja usiku mara nne au tano kwa wiki, mboga siku zilizobaki. Kidonge kisichoisha hadi asubuhi kitoe. Mara moja kwa wiki anaweza kupata chakula chenye protini kidogo, lakini usimfanye mla nyama. Utumbo wake ni mrefu, umejikunja kama kamba ya saa, umeumbwa kwa mlo wa majani.

Na lile swali ninaloulizwa kila mara, ndevu wangu ananilia mimea, nifanye nini? Mpe chakula! Tazama majani mapana ya Echinodorus: yakibaki kama wavu, mishipa tu, nyama ya jani imekwanguliwa, mwenye kosa ni ndevu mwenye njaa. Mara nyingi, akishiba mboga kila usiku kwa wiki mbili, huacha. Yupo mkaidi mmojammoja asiyeacha. Huyo panda Anubias, jani lake ni gumu, mwachie magogo, na Echinodorus ihamie tangi lingine.

Madume wawili wa ndevu katika tangi dogo hugombana, kwa hiyo weka dume mmoja. Ukiweka dume na jike pamoja na bomba la udongo lenye upana wa sentimita 4 hadi 5 lililozibwa upande mmoja, usije ukalalamika. Siku moja utamwona dume hatoki. Ndani ana kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, anayapepea kwa mapezi usiku na mchana. Yataanguliwa kwa siku 4 hadi 7 kulingana na joto, vifaranga watakaa na dume mpaka viini vyao viishe, kisha tangi zima litakuwa na midomo midogo. Mia moja si ajabu. Umeshawatafutia watu wa kuwachukua? Kama hujawatafuta, toa bomba.

Mambo mawili ya haraka kabla mwenyekiti hajaniangalia saa. Usimshike ndevu kwa wavu: mashavuni ana miiba anayoichomoa akiogopa, nayo hunasa kwenye nyuzi. Tumia kikombe cha plastiki. Akishanasa, kata wavu, usivute samaki. Na dawa zenye shaba, au za kuua konokono, usizitie tangini bila kusoma kibandiko mara mbili. Kambare hawa hawazivumilii vizuri, na uduvi wako watakufa wote.

Kuna swali limeandikwa kwenye karatasi hapa, kutoka kwa mama aliyekaa nyuma: akisafiri wiki moja, kambare wake wale nini? Mama, ndevu mzima aliyeshiba, mwenye gogo, wiki moja haimtishi. Usimwachie mboga ndani. Itaoza siku ya pili na kuharibu maji. Usimwachie jirani kopo zima la vidonge, maana jirani ana huruma. Mfungie kwa karatasi vidonge viwili, umwambie kimoja Jumanne, kimoja Ijumaa, usiku. Kama una oto, acha mawe sita ya kijani badala ya matatu, na kioo cha nyuma usikikwangue kabisa wiki hiyo. Badilisha maji siku moja kabla ya safari, si asubuhi ya safari, ili kama kuna kosa ulione ukiwa bado nyumbani. Na ukirudi, kabla ya kufungua mizigo, chukua tochi uhesabu matumbo.